Kipimo cha bure, lenzi za bei: maduka ya miwani ya Mombasa kwa asiyeona mbali

Ukishuka Moi Avenue kutoka Mapembeni mpaka Digo Road, kisha ukaendelea Nkrumah Road, hukosi duka la miwani, na mengi yametundika bango la aina moja: tunapima macho bure. Tathmini hii ni ya huduma hiyo ya kawaida ya dukani, na tumeitazama kwa macho ya mteja mmoja tu, yule anayesoma simu bila taabu lakini maandishi ya matatu hayaoni mpaka gari limempita. Hatutaji duka kwa jina, maana kasoro zenyewe si za mwenye duka mmoja, ni mazoea ya biashara nzima.

Hukumu yetu tuiseme mapema. Fremu ni nyingi na nzuri. Lenzi za kawaida zinapatikana bila kusubiri sana. Kinachofanywa ovyo ni hicho kinachotolewa bure, kipimo, na ndicho kinachoamua kama pesa ya vingine vyote imefanya kazi au imekwenda na maji.

Kwanza namba ya miwani yenyewe, maana wateja wengi huitembeza kwenye karatasi miaka nenda miaka rudi bila kujua inasema nini. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. La asiyeona mbali mara nyingi limerefuka kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo mwanga wa kitu cha mbali unakutana kabla haujafika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kinachofika pale ni ukungu. Milimita 1 ya ziada inagharimu kama diopta 2.50 hadi 3, na diopta ndiyo kipimo cha nguvu ya lenzi, yaani hiyo namba yako. Lenzi ya kutoa, yaani ya mainasi, inatawanya mwanga kidogo ili ukutane nyuma zaidi.

Namba hiyo unaweza kuikagua mwenyewe kwa rula kabla hujaingia dukani. Vua miwani, ziba jicho moja, shika gazeti karibu na uso, kisha lisogeze mbele taratibu mpaka herufi ndogo zianze kuota ukungu. Pima umbali huo kwa sentimita, halafu gawa 100 kwa kipimo ulichopata. Ukungu ukianza kwenye 50, wewe ni kama -2.00, kwenye 33, kama -3.00, kwenye 25, -4.00. Si kipimo cha kutengenezea miwani, lakini ukipata -3.00 kwa rula na karatasi ya duka ikaandika -4.25, una haki ya kukaa tena kwenye kiti.

Sasa hicho kiti. Mteja huwekewa kidevu kwenye mashine, huambiwa atazame kijumba au puto mwisho wa barabara, mashine hulia mara mbili tatu kisha hutema kikaratasi. Pale ambapo kikaratasi hicho kinapelekwa moja kwa moja kwenye kukata lenzi, ondoka. Mashine ile ni nzuri kwa kuanzia, basi. Puto linaonekana liko mbali, lakini jicho linajua kuwa linachungulia ndani ya sanduku, na hasa jicho la kijana hujikaza kama linalotazama kitu cha karibu. Kujikaza huko kunahesabiwa kama mainasi. Ndiyo maana watoto wengi hutoka na namba iliyozidi.

Mpimaji anayejua kazi huchukua namba ya mashine, huiweka kwenye fremu ya majaribio, halafu huanza kuipunguza, jicho moja baada ya jingine. Ubao wa herufi unatakiwa uwe mita 6, au mita 3 na kioo cha kuurudisha. Vyumba vya maduka ya mjini ni vyembamba, na ubao ulio mita 3 bila kioo unaacha pengo la theluthi moja ya diopta kati yake na upeo wa macho. Anayelijua hulifidia, asiyelijua hukupa miwani inayokuridhisha dukani na kukuangusha barabarani usiku.

Sikiliza pia maswali yake. "Hii au hii?" ni swali la nusu. Swali kamili ni: "Herufi zimekuwa wazi zaidi, au zimekuwa ndogo na nyeusi tu?" Zikiwa ndogo na nyeusi, lenzi imezidi, na mteja huisifu kwa sababu weusi ule unamdanganya. Baadaye inakuja picha ya nusu nyekundu na nusu kijani. Herufi zilizo juu ya kijani zikiwa kali kuliko za nyekundu, mainasi imepita kiasi. Hurudishwa robo robo mpaka pande zote mbili zilingane, au nyekundu itangulie kidogo. Mwisho, huwekwa lenzi ya +1.00 mbele ya namba iliyopatikana. Mistari ya chini inatakiwa ipotee. Ukiendelea kuusoma mstari wa mwisho kana kwamba hakuna kilichotokea, namba bado ni kubwa mno. Mambo haya yote hayazidi dakika ishirini kwa macho mawili. Duka linalomaliza kwa dakika tano limeruka kitu.

Kuna watu watatu ambao hata kipimo kizuri cha dukani hakiwatoshi. Wa kwanza ni mtoto, naye tutamrudia. Wa pili ni mtu aliyepita miaka arobaini ambaye macho yake yameanza kutoona mbali ghafla, au namba yake inapanda na kushuka kila wiki. Huyo kapimwe sukari kabla ya kununua lenzi yoyote. Sukari ikipanda, lenzi ya asili ndani ya jicho hubadilika, na miwani iliyokatwa wiki hiyo itakuwa kazi bure sukari ikishashushwa. Wa tatu ni mzee wa miaka sitini na tano anayetupa miwani ya kusomea huku nyumba nzima ikishangilia kuwa macho yamerudi ujana; kinachotokea mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza kukomaa katikati ya lenzi na kumsogeza upande wa mainasi. Apelekwe hospitali, shangwe zisubiri.

Kabla hujalipa, omba karatasi yenye mambo matatu: namba ya kila jicho, silinda (nguvu ya ziada ya upande mmoja, kwa jicho ambalo mviringo wake haulingani) na nyuzi zake kama ipo, na umbali wa mboni hadi mboni kwa milimita. Hili la tatu maduka hulisahau, mengine hulificha ili usiende kununua kwingine. Silinda nayo ina ujanja wake. Lenzi ya silinda kubwa haikai tayari kwenye droo, mara nyingi huagizwa, na kuagiza ni siku kadhaa. Kwa hiyo mteja wa -2.00 na silinda -1.00 huweza kupewa lenzi ya -2.50 isiyo na silinda: nusu ya silinda imeongezwa kwenye namba kuu na habari imekwisha. Ataona afadhali, taa za gari zitakuwa na mikia, kichwa kitauma jioni. Kwa silinda ya -0.50 mtu anaweza kuvumilia. Kwa -1.00 na zaidi, kubali kusubiri.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwenye fremu, maana hapa ndipo mteja mwenye namba kubwa hulipishwa zaidi kuliko inavyopasa. Ndani ya mkono wa fremu kuna namba kama 56-18-140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni daraja la puani, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Jumlisha mbili za kwanza: 74. Ikiwa mboni zako zimepishana milimita 62, kila lenzi italazimika kusogezwa ndani milimita 6, na ukingo wa nje utakuwa milimita 34 kutoka katikati ya lenzi. Lenzi ya mainasi ni nyembamba katikati na hunenepa kadiri inavyokwenda pembeni, tena hunenepa kwa mraba wa umbali huo. Kwa -6.00 kwenye plastiki ya kawaida, ile ya 1.50 (hiki ni kipimo cha plastiki kupinda mwanga, kikiwa kikubwa lenzi huwa nyembamba), ukingo huo wa nje unazidi katikati kwa karibu milimita 7. Muuzaji atakuambia uchukue lenzi nyembamba ya 1.67, ghali mara kadhaa. Nayo itakupa kama milimita 5.

Sasa rudisha fremu ile na uchukue ya 48-20. Jumla ni 68, kila lenzi inasogea milimita 3 tu, ukingo uko milimita 27 kutoka katikati. Plastiki ile ile ya bei rahisi inatoka na milimita 4 na nusu. Fremu ndogo yenye lenzi rahisi imeishinda fremu pana yenye lenzi ghali, na ni nyepesi puani. Ukitaka zote mbili, fremu ndogo na 1.67, hapo pesa imepata kazi. Chini ya -3.00 usidanganyike na lenzi nyembamba, tofauti hutaiona isipokuwa kwenye risiti. Chagua fremu ya mviringo au yenye kona laini, na ukingo mnene wa plastiki ufiche unene.

Polikaboneti, 1.59, tunaipendekeza kwa watoto, mafundi na wanaopanda bodaboda, kwa sababu haivunjiki kirahisi. Ubaya wake ni kwamba pembeni inaweza kutoa vivuli vya rangi kwenye namba kubwa, na hukwaruzika haraka bila rangi ya kinga.

Lenzi za kuzuia mwanga wa buluu zinauzwa kwa nguvu kama dawa ya uchovu wa kompyuta. Mapitio makubwa ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, hayakuona kwamba zinapunguza uchovu huo katika muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Chukua rangi ya kuondoa mng'aro, hiyo inasaidia kweli, hasa kwa anayeendesha usiku. Zile zinazojigeuza nyeusi juani zina kasoro mbili ambazo Pwani huzihisi zaidi: joto huzipunguzia weusi, na ndani ya gari hubaki karibu nyeupe kwa sababu kioo cha mbele huzuia miale inayoziamsha.

Siku ya kuchukua miwani usiivae ukasema asante. Omba wakuwekee kwenye mashine ya kusomea lenzi, kisha linganisha na karatasi. Omba katikati ya kila lenzi itiwe nukta kwa kalamu, halafu vaa: nukta zinatakiwa zikae mbele ya mboni. Zikikosea milimita 3 kwa kila jicho kwenye -6.00, macho mawili yanalazimika kuvutana kwa prizimu 3.6 (kipimo cha lenzi kupotosha njia ya mwanga), na hapo ndipo watu husema "bado sijaizoea" kwa miezi miwili. Hiyo haizoeleki, inarudishwa. Kweli zipo siku chache za sakafu kuonekana imeinama, hasa ukivaa silinda kwa mara ya kwanza. Wiki mbili zikipita na bado unapepesuka kwenye ngazi, rudi na karatasi yako.

Jasho la Mombasa lina sehemu yake katika hesabu hizi. Miwani ikiteleza puani milimita 8, lenzi ya -6.00 hupoteza nguvu kama robo diopta, ndiyo maana mtu mwenye namba kubwa hushinda akiisukuma juu kwa kidole. Dawa si namba mpya. Ni pedi za silikoni, mikono iliyokunjwa vizuri nyuma ya masikio, na fremu nyepesi. Pedi za fremu ya chuma huota ukijani wa jasho na chumvi. Huuzwa kwa jozi, zibadilishwe. Kwenye sujudu ivue, la sivyo bawaba zitalegea na kipimo chote cha katikati kitahama. Usiiache kwenye dashibodi: plastiki hutanuka kwa joto kuliko rangi iliyoifunika, na rangi hupasuka nyufa kama utando wa buibui ambazo hakuna kitambaa kitakachoziondoa. Na leso haipangusi lenzi, inaikwaruza kwa vumbi na chumvi iliyoshika. Mimina maji kwanza, tone la sabuni ya vyombo, sugua kwa vidole, suuza, kausha mara moja kwa kitambaa laini. Maji ya kisima yakikaukia juu yake huacha madoa ya chumvi.

Turudi kwa mtoto. Mzazi husimama kaunta na kusema: "Lakini mwanangu akivaa kila saa si macho yatalegea? Mpe ndogo kidogo." Jibu sahihi ni: "La, mama. Tukimpa ndogo hatutazuia kitu." Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 nchini Malaysia uliwapa baadhi ya watoto miwani pungufu kwa makusudi, na namba zao zilipanda haraka kuliko za waliopewa kamili. Lakini kamili ni kamili, si iliyozidi, na kwa mtoto haipatikani bila matone ya kulaza misuli ya jicho. Saiklopentoleti asilimia 1 hutiwa, mara nyingi mara mbili kwa kupishana dakika tano, kisha husubiriwa nusu saa na zaidi. Duka la kawaida halina nafasi wala subira hiyo, kwa hiyo mtoto apimwe kwanza kwenye kliniki ya macho, duka liletewe karatasi. Baada ya matone mtoto hataona karibu vizuri mpaka kesho yake na jua litamuumiza. Avae kofia, na isiwe siku ya mtihani.

Kununua miwani mpya kila mwaka huku namba ikipanda ni kufuata moshi. Linalotakiwa ni kupunguza mwendo wa jicho kurefuka, na kwa hilo huduma ya dukani iko nyuma. Njia zilizothibitishwa zipo. Lenzi za miwani zenye mamia ya vidoa vidogo pembeni, zilizobuniwa na Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong pamoja na kampuni ya Hoya, zilipunguza ongezeko la namba kwa asilimia 52 katika miaka miwili kwa watoto wa miaka 8 hadi 13. Lenzi laini za kuvaa jichoni ziitwazo MiSight ziliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa kazi hiyo, kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12. Matone hafifu ya atropini nayo husaidia: utafiti mwingine wa Hong Kong ulilinganisha asilimia 0.05, 0.025 na 0.01, na ile ya 0.05 ikafanya kazi zaidi. Hakuna hata moja inayorudisha namba nyuma.

Muulize muuzaji: lenzi hii ina utafiti wa kuzuia namba ya mtoto, au ni ya buluu tu? Akijibu kwa kigugumizi, umeshajibiwa. Ukiipata ya kweli, ujue inavaliwa kutwa nzima, si darasani tu, na ile ya miwani inadai fremu isiyoteleza, maana katikati yake lazima ikae sawasawa na mboni. Atropini ya asilimia 1 iliyo dukani kwa wauza dawa si dawa hii. Hupanua mboni, huondoa uwezo wa kusoma, na haifai kuchanganywa na maji nyumbani.

Kuna jambo lisilouzwa na duka lolote. Mjini Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu walipata tatizo la kutoona mbali kwa asilimia 30.4, wenzao kwa asilimia 39.5. Kinachofanya kazi ni wingi wa mwanga. Darasani kuna lux (kipimo cha mwanga) mia chache, chini ya kivuli cha mwembe kuna maelfu, kwa hiyo mtoto hahitaji kuchomwa na jua la saa saba. Ratiba ya mtoto wa Mombasa ndiyo inayobana: shule, chakula, chuoni (madrasa) mpaka magharibi, kisha simu. Nafasi iliyobaki ni asubuhi, mapumziko, na dakika za kati ya shule na chuo, na wikendi pale Mama Ngina, ufukweni. Faida yake kubwa ni kwa yule ambaye hajaanza kuvaa miwani. Kwa aliyeanza ni ndogo. Kitabu, msahafu na simu vikae angalau sentimita 30 kutoka machoni.

Wanaotaka lenzi za kuvaa jichoni: namba yake si ile ya miwani. -6.00 ya miwani huwa -5.50. Chukua za siku moja kama unaweza. Hazioshwi kwa maji ya bomba wala ya kisima, huogelei nazo baharini, na wakati wa udhu funga macho vizuri.

Kwa mwenye -6.00 na zaidi, kuna huduma moja ambayo duka haliwezi kuitoa: mboni kupanuliwa kwa matone na retina kuangaliwa mpaka pembeni, kila mwaka, hata kama miwani inaona vizuri. Jicho refu lina retina iliyovutwa, nyembamba. Vimulimuli vya mwanga gizani, vidoa vyeusi vingi vilivyozuka ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja wa jicho, usipitie dukani kuomba kipimo. Nenda siku hiyo hiyo Hospitali ya Rufaa ya Coast General au Kituo cha Macho cha Lighthouse for Christ, na useme mlangoni kwamba huoni mbali, namba yako ni ngapi, na dalili zimeanza saa ngapi.